Blanketi Lisilo na Mwenyewe

Siku blanketi liliposhuka, Bibi Pindo alikuwa kwenye dawati la mbele akichonga penseli kwa mkasi wa kukatia vitambaa. Fundi mwenye akili zake hafanyi hivyo, lakini kichongeo alikuwa amemwazima muuza nyama, na kitu kikiingia mikononi mwa muuza nyama hakitoki kizima.

Darasa lilikuwa la watu wazima, la alasiri, watoto wakishaenda kwao. Madawati yalikuwa ya watoto, magoti yakabaki kugombana na mbao. Wengine walikuja kujua kusoma mikataba ya nyumba. Bibi Pindo alikuja kutafuta cheti cha shule ya msingi. Chuo cha ufundi kilikuwa kinatafuta mwalimu wa ushonaji. Walimpima wakamsifu, kisha wakamuuliza cheti kiko wapi. Hakuwa nacho, kwa kuwa kwao walisomeshwa wa kiume, na wa kiume wakasomea uvivu. Joho alilovaa mkuu wa chuo siku ya kumnyima kazi, alilishona yeye.

Mwalimu wa sayansi, kijana mwembamba mwenye chaki hadi nyusini, alikuwa ameanza somo la tabianchi. Alisema hali ya hewa ni kama mume aliyenuna leo. Kesho huenda akacheka. Tabianchi ni mume mnunaji. Huyo humjui kwa siku moja, inabidi ukae naye miaka thelathini, uandike kila siku, ndipo useme ndivyo alivyo.

"Wangu nilimjua kwa wiki," alisema Bibi Pindo.

Mwalimu aliendelea. Alisema mwanga wa jua unaingia hadi ardhini, ardhi inapata joto, na joto hilo likitaka kurudi juu linakamatwa na gesi zilizo hewani. Gesi hizo si adui. Bila hizo dunia ingekuwa jiwe la barafu na sisi tusingekuwepo wa kulalamika. Ni blanketi jembamba, la kutosha. Ila watu wakichoma makaa ya mawe na mafuta na misitu, hewa ukaa inaongezeka, na blanketi linanenepa.

Hapo ndipo liliposhuka. Lilikuwa la rangi ya majivu, limetanda kutoka shuleni hadi sokoni na kupita, likabonyea kidogo kwenye tangi la maji. Msusi, naye mwanafunzi wa humo, alifunga dirisha ili manyoya yasimnase akayapeleka kwenye nywele za wateja wake wa jioni. Muuza nyama aliuliza kama hili litakuja kwenye mtihani. Mwalimu alisema litakuja.

Watu walilizoea, kama wanavyomzoea mgeni asiyeaga. Mafundi wa paa walilisimamishia miti mahali lilipogusa mabati. Kunguru walitembea juu yake, nyayo zao zikaonekana kwa chini. Joto la mchana halikupata pa kutokea, likalala na watu vitandani. Nyama ilianza kunuka kabla ya adhuhuri, na muuza nyama akasema ni viungo. Mvua nayo ilibadili mwendo. Mwalimu alieleza kwamba hewa yenye joto hubeba maji mengi, na ikichoka huyatua yote kwa pamoja. Iliyatua kwenye nyumba za bondeni. Waliokaa huko walihamia darasani, wakakaa nyuma, nao wakasoma.

Sasa, fundi hawezi kuona nguo asiigeuze ndani. Bibi Pindo alipanda juu ya kigoda, akashika ukingo wa blanketi, akautazama kwa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine. Akaona nyuzi. Alianza na ule uliokuwa karibu, akaufuata kwa vidole hadi kibarazani kwake, kwenye pasi yake ya mkaa. Ulikuwa uzi mfupi, wa kufungia kifungo, lakini ulikuwa wake na hakuukana. Zilikuwepo za malori, zimekaza kidogo. Kisha akapata mmoja mnene kama paja la mtu aliyeshiba, umepanda kilima hadi kwenye bomba la moshi la kiwanda cha saruji. Zilizobaki zote zilikuwa zimefumwa kuuzunguka huo.

Akauvuta. Kule kilimani bomba likainama, likasimama tena.

Alivuta kila alasiri, akienda darasani na akirudi, kama mtu anayepiga kengele ya nyumba asiyofunguliwa. Msusi akaanza kuvuta. Watu wa bondeni wakavuta kwa zamu. Uzi haukukatika wala haukupungua, kwa sababu kule kilimani ulikuwa ukisokotwa mchana na usiku, lakini kila ulipovutwa bomba liliinama, na mji mzima uliona linainama upande gani.

Meneja wa kiwanda akaja shuleni na feni za zawadi, kila moja na nembo ya kiwanda katikati, ikizunguka. Alikuwa mpole, mtu wa kukunja leso. Alishukuru darasa kwa bidii yake, kisha akamgeukia Bibi Pindo, akasema ameambiwa mama anachezea blanketi.

"Hili blanketi halina mwenyewe, mama yangu. Limekuwepo tangu zamani."

"Halina mwenyewe?"

"Halina."

"Basi nikilivuta, baba, chai inayomwagika kule kiwandani bomba likiinama ni ya nani?"

Meneja alitazama doa la chai kwenye shati lake. Alisema feni ziwashwe. Zikawashwa, zikachanganya joto vizuri, lililokuwa juu likaja chini. Kabla ya kuondoka alimtajia mwalimu, kwa sauti ya kawaida, kwamba wataalamu wa kiwanda wamejitolea kusaidia kutunga mtihani wa mwaka huu, na kwamba chuo cha ufundi nacho kinajengewa ukumbi na kiwanda.

Siku ya mtihani swali lilikuwa pale. Blanketi limetoka wapi? A: Jua limesogea karibu. B: Lilikuwepo tangu zamani. C: Watu wanakunywa chai ya moto kupita kiasi. Chini yake palikuwa na maandishi madogo: atakayekosea hili amekosea yote.

Mwalimu alikuwa anasimamia. Alipita kati ya madawati, akasimama karibu na Bibi Pindo kuliko ilivyoruhusiwa.

"Bibi, weka B. Ni herufi moja tu. Chuo kinakusubiri."

"Wewe ulinifundisha B?"

Mwalimu alipangusa chaki nyusini.

"Ningekuwa najua uongo unatosha kupata cheti, mwanangu, nisingejitesa kuja shule. Uongo ninao nyumbani."

Akachora D pale ambapo hapakuwa na D. Akaandika: *Limetoka kwenye bomba la kilimani, na kidogo kwenye pasi yangu. Niliuvuta uzi mwenyewe.*

Akaanguka mtihani. Muuza nyama aliweka B, akapata cheti. Chuo kikamchukua kufundisha ushonaji, kwa kuwa cheti anacho na kukata anajua. Jioni ya kwanza alikuja kibarazani kwa Bibi Pindo na sindano mkononi, akauliza uzi unaingilia upande gani. Akaonyeshwa, maana kosa la mkubwa halibebwi na sindano, na wasichana wa chuo aliopewa kuwafundisha walikuwa wamelipa ada. Akaambiwa pia arudishe kichongeo. Alikileta vipande viwili.

Mwalimu alihamishiwa shule ya mbali, ambako blanketi lilikuwa limeshafika siku nyingi. Ukumbi wa chuo ulikwisha, ukapakwa rangi. Kiwanda kiliongeza bomba la pili.

Mwaka uliofuata Bibi Pindo alijiandikisha tena. Safari hii hakuwa peke yake kwenye lile swali. Alikuwepo msusi, na watu wa bondeni walijaza safu tatu za nyuma. Waliingia chumba cha mtihani kila mmoja amejizungushia mkononi uzi mwembamba uliofungwa kwenye ule mnene wa kilimani, na msimamizi mpya alikagua, akaona kanuni zinakataza simu na vitabu, hazisemi lolote kuhusu uzi.

Swali lilikuwa lilelile. Walipofika hapo, penseli zote zikaanza kwenda pamoja, na kwa kila herufi mkono ulivuta. Kule kilimani mabomba mawili yakainama, yakasimama, yakainama. Vumbi la saruji likaanza kuingia madirishani na kutua kwenye karatasi.

Msimamizi alikung'uta bega lake. Akamwomba Bibi Pindo aandike kwa upole kidogo, maana wengine hawaoni wanachoandika.

Bibi Pindo akaipuliza karatasi, akaomba nyingine, akaanza upya kwa herufi kubwa.