Mgeni Hachekwi

Matroni alipanda mtumbwi wa injini na begi kubwa tupu. Hakuficha lilikuwa la nini: alikwenda kumtoa msituni mwanawe, aliyekuwa mhubiri huko. Kijana mwenyewe alikuwa amemwita kwa redio ya misheni, sauti imemkauka: "Mama, nimeshindwa. Wananicheka." Mwanamke aliyelea mabinti wa bweni miaka nenda miaka rudi huijua sauti ya mtoto aliyefika mwisho. Akaomba ruhusa kazini, akafunga kilemba, akaondoka.

Alisafiri na Mchungaji Mkuu, aliyekwenda kuamua kama kituo cha misheni cha kijana kifungwe. Mtu mpole, ila viatu vyake viling'aa kupita kiasi kwa safari ya matope.

"Kazi ya Injili si lelemama, mama," alisema.

"Hata ya bweni," akajibu Matroni.

Watu wa msituni waliwapokea ukingoni kimya, macho chini. Wakamtandikia Mkuu mkeka mpya, wakamletea maji, wakarudi nyuma. Hakuna aliyethubutu hata kukohoa. Matroni naye akapewa mkeka wake na kimya chake.

"Umeiona heshima hiyo?" Mkuu alimnong'oneza kijana. "Basi kasoro haiko kwao."

Kijana aliinamisha kichwa. Alikuwa amekonda, ndevu zimemwota shaghalabaghala. Matroni akamfuata chumbani: kitanda cha miti, chandarua chenye viraka, ndoo, rafu ya dawa. Akafungua begi, akaanza kukunja nguo.

"Wamekufanya nini hasa?"

"Wananiita Korongo, eti kwa ninavyoinua miguu matopeni. Kofia yangu wanaificha kila siku. Nikihubiri, kuna bibi mmoja anasimama nyuma yangu ananiigiza, watu wanacheka hadi wanagaragara. Mwaka mzima, mama! Hata mmoja hajabatizwa."

"Wamekucheka tangu siku ya kwanza?"

"Hapana. Mwanzoni walikuwa na adabu, kama hivi leo. Walianza baada ya ile homa yangu."

"Nani alikuuguza?"

"Ni wao hao hao! Walilala hapo mlangoni kwa zamu. Huyo huyo bibi ndiye aliyeninywesha uji."

Mikono ya Matroni ikasimama, shati hewani. Bwenini kwake, binti mgeni hupewa kitanda kizuri na maneno matamu. Jina la utani hulipata siku wenzake wakishamkubali. Anayemaliza muhula bila jina, huyo ndiye Matroni humchungulia mara mbili kabla ya kuzima taa. Wazazi wangapi amewatuliza kwa maneno hayo! Lakini alipolia wa kwake, akakimbilia begi. Kweli mganga hajigangi.

"Twende ibadani," alisema. "Nguo zitangoja."

Ibada ilikuwa chini ya paa la bati lisilo na kuta. Kijana alihubiri kwa lugha ya wenyeji, na kwa jinsi alivyochungulia huku na kule Matroni alijua ni habari ya kondoo aliyepotea. Nyuma yake bibi kizee akainuka. Akapiga hatua za korongo, akajipangusa jasho, akamtafuta kondoo hadi kwapani mwake. Kicheko kikalipuka.

"Aibu gani hii!" Mkuu alifoka.

Kijana akakatiza mahubiri. Hapo Matroni aliona jambo. Bibi hakukatiza. Aliendelea na habari peke yake, akamwona kondoo, akambeba mabegani, na watu wote wakapaza sauti ya furaha mahali panapostahili, hata watoto. Walikuwa wameishika yote.

Matroni akasimama. Akakusanya pindo la gauni, akapita mbele, akapiga hatua za korongo, moja, mbili, kisha akajiangusha puu, kama mwanawe alipokuwa anajifunza kutembea.

Macho yakamtoka kila mtu. Matroni akajiuliza: je, kama amekosea?

Bibi akaangua kicheko cha kukata mbavu. Wote wakafuata. Bibi akamnyang'anya Matroni kilemba, akakivaa, akashika kiuno na kutikisa kidole kama mtu anayewagombeza mabinti waliochelewa kuamka. Kijana alimtazama bibi, akamtazama mama yake, na kwa mara ya kwanza akacheka, hadi machozi.

"Ndiye wewe kabisa, mama!"

"Nimeona. Sasa nawe fumbua macho. Mgeni hutandikiwa mkeka, mwanangu. Anayetaniwa ni wa nyumbani."

Kijana akajifuta uso kwa mkono wa shati. Mabega yake yalishuka kama ya mtu aliyetua mzigo wa kuni.

"Mchungaji," alisema, "kituo kisifungwe. Nabaki."

Mkuu akamtazama Matroni, Matroni akatazama paa.

"Basi kisifungwe," alisema Mkuu.

Asubuhi Matroni alirudi mtumbwini na begi lake tupu, kichwa wazi, maana kilemba hakikurudishwa. Alipojikwaa akipanda, ukingo mzima ulipiga kelele, na watoto wakajikwaa mmoja mmoja kwa kumwigiza. Kijana alikuwa katikati yao, akijikwaa kuliko wote.

Ilipofika zamu ya Mkuu kupanda, wote wakanyamaza na kuinamisha macho.

"Mimi wameniheshimu sana," alisema akiketi, ameridhika.

"Pole, Mchungaji," alisema Matroni, kwa moyo wake wote.