Ufagio Mbele

Kamati ya sherehe za miaka mia ya jiji ilikuwa na mwenyekiti aliyependa mambo mawili: kukata utepe na kukata watu kalima. Ndiyo maana ofisini walimwita Mkasi, pindi akiwapa kisogo. Jambo la tatu alilopenda ni kupunga mkono, nalo ndilo lililomponza.

Mratibu wa maandamano alikuwa mtoto wa mfagiaji. Hakulificha hilo wala hakulitangaza. Katika mpango wake wa kwanza, wafagiaji wa barabara walitangulia hata bendi, kwa sababu mgeni hapokelewi kwenye uwanja mchafu. Mkasi alicheka hadi miwani ikamteleza.

"Binti, kazi ya mfagiaji huja baada ya sherehe. Waweke nyuma, karibu na gari la taka."

Wajumbe wakaangalia vikombe vyao vya chai. Hoja ikapita.

Kibaya ni kwamba mama yake mratibu alishapiga pasi. Alikuwa amestaafu, lakini wenzake walimchagua aongoze, na sare yake ya bluu ilining'inia sebuleni utadhani ya bwana harusi. Mtaa mzima ulishapata habari. Binti alimweleza ukweli huku akitazama sakafu. Mama aliendelea kukaza mpini wa ufagio kwa kuugongagonga chini.

"Nyuma ndiko nilikozoea," akasema. "Ila mtaani nimeshasema, mwanangu. Nitawatazamaje?"

Neno hilo lilimchoma mratibu kuliko kicheko cha Mkasi.

Siku ikafika, barabara kuu ikafurika watu. Juu ya paa la posta, nyuma ya jukwaa la wageni, walikaa mafundi wawili na magunia ya karatasi za rangi. Mkasi mwenyewe ndiye aliyewaagiza: mkono wangu ukiinuka, mwageni la kwanza, ukiinuka tena, la pili. Mtu asiyeweza kumaliza dakika bila kumpungia mtu!

Bendi haijapuliza hata pumzi, Mkasi akamwona shemeji yake ng'ambo ya barabara. Akapunga. Gunia likamwagika. Upepo ukazitwaa karatasi, ukazitandaza hadi lami haionekani, na mpiga tarumbeta wa kwanza kuthubutu kusogea akateleza, akakaa kitako.

"Wafagiaji wako wapi?" Mkasi alifoka.

"Ulikowaweka, mzee." Mratibu akamsogezea kipaza sauti. "Ni mbali. Waite mwenyewe."

Jiji zima likamsikia mwenyekiti akiomba: "Wafagiaji, tafadhali, piteni mbele."

Wakaja. Walijipanga mshazari kama walivyofanya kazi miaka yote, kila mmoja akipokea taka za mwenzake na kuzisukuma kando, mama akiwa wa mbele kabisa. Mratibu hakusubiri wamalize. Aliipa bendi ishara. Ngoma zikafuata mwendo wa fagio, umati ukapiga makofi, na jiji lenye miaka mia likaanza sherehe yake likiongozwa na mama yake. Mratibu alilia waziwazi, wala hakutafuta leso.

Mbele ya jukwaa, mama aliinua ufagio juu. Mkasi, mazoea yana taabu, akapunga mkono.

Gunia la pili likawamwagikia lote. Mama akasimama. Akazitazama karatasi, akamtazama mwenyekiti, kisha akautia ufagio begani.

"Hizo," akasema, "zifagieni wenyewe."

Akapita, na bendi nyuma yake.