Kutasa Mbele ya Balozi

Wakio alifika silanga kabla jua halijachomoza, akakuta ng'ombe wamemtangulia. Walikuwa ndani ya maji hadi tumboni, zaidi ya mia, wanakunywa na kukojoa humo humo. Alisubiri pembeni mpaka wakatoka, kisha akatandaza leso juu ya mdomo wa mtungi na kuanza kuchota kwa bakuli, taratibu, ili tope libaki kwenye kitambaa. Silanga hiyo, bwawa la maji ya mvua, waliichimba wenyewe, wanawake wa Marungu, kwa majembe na makarai, wakati Geoffrey wake alikuwa bado ananyonya. Sasa wanaokunywa kwanza ni ng'ombe wa mtu ambaye hakuna anayemjua.

Aliporudi nyumbani Geoffrey alikuwa anahangaika kufunga vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto. Vidole viwili vya mkono wa kulia viliachwa kwenye tope la silanga mwaka jana, siku alipojaribu kuwafukuza ng'ombe hao na mchunga wao akamkata kwa panga. Polisi waliandika kwamba kulitokea rabsha. Mchunga alilala kituoni siku tatu, akaachiliwa, ikasemekana mambo yamalizwe nyumbani.

Gari jeupe la mradi wa amani lilimfuata Wakio saa mbili. Ndani alikaa Cynthia, ofisa wa mradi, msichana mwenye adabu na simu mbili.

"Mama Geoffrey, leo wewe ndio programu yenyewe," alisema. "Balozi anakuja. Mkataba wa maji utasainiwa, halafu utafanya ile kitu yenu ya kutasa na yule mchunga ng'ombe. Dakika mbili tu."

"Kutasa si kitu cha dakika mbili, mwanangu."

"Ni kama demo, mama. Wageni wanapenda sana mambo ya kitamaduni."

Wakio aligeukia dirisha. Alikuwa mtu wa kanisa, tena mshika hazina wa akina mama, lakini kutasa alikujua tangu kwa bibi yake, na hata kasisi alikujua na hakusema kitu. Unatia maji kinywani, unayapuliza yatawanyike hewani, na hasira yako inatoka nayo. Ila aliyekukosea lazima kwanza ataje alichofanya, kwa kinywa chake, bila kuzunguka. Ukipuliza na hasira ingali ndani, ni uongo, na uongo huo unarudi kuwalaza wagonjwa watu wa nyumba yako. Bibi yake hakuwahi kulifanyia hilo mzaha.

Na mkataba aliujua. Ng'ombe wangetumia silanga siku tano, wanakijiji siku mbili, Jumanne na Ijumaa. Badala yake wafadhili wangechimba kisima cha mashine karibu na shule. Lakini kisima hakingekuja mpaka wafadhili waone watu wamepatana, na kupatana kulihitaji mtu aliyeumizwa. Jana jioni jirani yake Mumbe alikuja mpaka mlangoni. "Mama Geoffrey, najua ni uchungu," alisema. "Lakini tafadhali, usituharibie kisima." Wakio alilala na neno hilo kifuani kama jiwe la kusagia.

Hoteli ya Voi walikoshushwa ilikuwa na mpira uliomwagilia nyasi ambazo mbuzi yeyote angefukuzwa akizisogelea. Ukumbini kila kiti kilikuwa na chupa ya maji. Waliambiwa waandike kwenye vikaratasi vya rangi chanzo cha mgogoro. Wengine waliandika ukame, wengine mabadiliko ya tabianchi. Wakio aliandika: *Ng'ombe ni wa nani?* Mwezeshaji alikisoma kikaratasi chake, akatabasamu, akakibandika pembeni kabisa, chini ya maandishi MASWALI YA BAADAYE. Hapo kilikaa peke yake mpaka jioni.

Wakati wa chai mwanamume mwembamba mwenye ndala za tairi alimfuata nyuma ya jiko, karibu na bomba. Alikuwa amevua kofia, andazi mkononi. Wakio alimjua kabla hajasema.

"Mama, naitwa Musyimi. Cynthia ameniambia nisiongee na wewe mpaka saa ya picha."

"Basi nyamaza."

"Siwezi. Nilimkata mtoto wako. Si rabsha, si bahati mbaya. Nilichomoa panga nikamkata, na alikuwa hana kitu mkononi." Alikuwa akitazama bomba, si uso wake. "Mwenye ng'ombe alikuwa amenipigia siku hiyo. Aliniambia mtu akisogea, usiniulize, kata. Sura yake siijui. Naijua sauti tu. Nikipoteza ng'ombe mmoja, nalala ndani mimi."

Mwaka mzima Wakio alikuwa amesikia tukio, changamoto, sintofahamu. Huyu ndiye mtu wa kwanza kusema nilimkata. Alitaka kumzaba kofi, akaona mkono hauinuki. Kilichokuwa kimembana mwaka mzima kilikuwa kimeanza kulegea, na hilo lilimwudhi, kwa maana hakuwa amepanga kumhurumia mtu siku hiyo.

"Kula andazi lako," alisema. "Litapoa."

Walirudi ukumbini. Balozi alikuwa ameketi meza kuu, mzee mwekundu wa shingo mwenye macho ya upole, na mkalimani sikioni. Mwenyekiti wa kamati ya amani, bwana wa suti ya kaki, akachukua kipaza sauti kukaribisha wageni. Alizungumzia udugu. Alisema maji ni uhai. Sauti yake ilikuwa nzito, yenye mkwaruzo kidogo, na kila baada ya sentensi aliweka "tumeelewana?"

Musyimi, kiti cha pili kutoka kwa Wakio, aliacha kutafuna.

"Mama," alinong'ona. "Ni yeye."

"Nani?"

"Hiyo sauti. Hiyo 'tumeelewana'. Ndiyo naisikia kwa simu kila siku."

Wakio alimtazama Mwenyekiti, viatu vyake vilivyong'aa, kalamu ya mkataba ikining'inia mfukoni. Alitazama kikaratasi chake ukutani. Jibu lilikuwa limeketi meza kuu asubuhi nzima likinywa maji ya chupa.

Cynthia akaita majina yao. Wapiga picha wakasogea. Mwenyekiti mwenyewe aliteremka na glasi ya maji juu ya sahani, akamnyooshea Wakio kwa mikono miwili, akitabasamu kwa kamera.

Wakio alichukua funda la kwanza. Alimgeukia Musyimi, akapuliza, matone yakamwangukia begani na kwenye kofia aliyoishika. "Umesema ulichofanya," alimwambia. "Hasira yangu kwako imetoka. Nenda na amani." Musyimi alikuwa analia waziwazi. Ukumbi ukapiga makofi.

"Na moja ya mkataba, mama," Cynthia alinong'ona. "Ya wote."

Wakio alichukua funda la pili. Mashavu yakajaa, kamera zikalia, na hakupuliza. Alimtazama Mwenyekiti machoni, akayameza maji yote.

"Mwenyekiti," alisema, "Musyimi ametaja lake. Na wewe taja lako. Ng'ombe ni wa nani?"

Tabasamu la Mwenyekiti halikusogea.

"Tunawashukuru sana wafadhili wetu," alisema kwenye kipaza sauti. "Mama amezidiwa na furaha. Tumeelewana?"

Mkalimani aliinama sikioni mwa balozi. Balozi akaweka mkono kifuani, akasimama, akapiga makofi, na ukumbi mzima ukasimama naye. Mwenyekiti akasaini kwa niaba ya jamii.

Getini simu ya Musyimi ililia. Alisikiliza, akairudisha mfukoni. "Nimeambiwa nisirudi kwa ng'ombe," alisema. "Na blanketi langu liko huko." Akaondoka kwa miguu kuelekea stendi, akiwa ameshika kofia yenye madoa ya maji.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama Geoffrey alipomwonyesha mamake simu. Picha ilikuwa nzuri, lazima isemwe. Wakio mashavu yamejaa, macho makali, Mwenyekiti kando na glasi. Chini yake: *Mama wa Marungu asamehe, amani yarejea.* Mumbe alikuwa ameituma kwa kikundi kizima na alama za mikono ya kuomba.

"Ulipuliza, mama?" Geoffrey aliuliza.

"La pili nilimeza."

Wakio alichukua mtungi na leso, akashuka silanga. Mchunga mpya alikuwa amesimama ukingoni, panga kiunoni, ng'ombe wamejaa majini.

"Mama, leo ni Jumatano. Siku yenu ni Ijumaa. Iko kwa mkataba."

"Naujua. Picha yake ni yangu."

Alivua ndala, akapandisha gauni, akaingia katikati ya ng'ombe mpaka magotini. Nyuma yake alisikia mchunga akibonyeza namba, kisha ile sauti nzito ikiuliza kuna nini. Wakio alitandaza leso juu ya mdomo wa mtungi, akainama, akaendelea kuchota.