Picha ya Uwanja Mtupu

Kamera yangu niliinunua Kariakoo kwa kijana aliyekuwa anauza vyombo vya marehemu baba yake, na jioni ileile nikagundua lenzi ina ukungu ndani. Sikuirudisha. Mie ni fundi wa mageti, nachomelea Vingunguti mwaka wa ishirini na moja huu, kitu kibovu hakinitishi. Nilichokuwa nataka ni ushahidi. Mji huu wanakuvunjia leo, kesho wanakuuliza palivunjwa wapi, na wewe mkononi huna kitu, una mdomo tu. Naikumbuka meza yangu ya kuuzia mikanda ilivyorushwa kwenye lori la mgambo nikiwa na miaka ishirini na mbili. Namkumbuka hata mgambo mwenyewe, alivaa ndala, mguu mmoja ya bluu, mwingine nyekundu. Miaka thelathini imepita. Nikikutana naye leo nitamuuliza meza yangu iko wapi.

Basi kila nikipata upenyo natoka na kamera. Shule yangu iliishia la saba. Haya ya picha nimejifundisha kwenye simu, kwa kuuliza na kwa kuharibu. Nimesimama Manzese juu ya daraja la waenda kwa miguu saa mbili nzima, najaribu kuyanasa mabasi ya mwendokasi yatoke mstari mmoja wa bluu. Nimekwenda Kurasini kupiga kutu za makontena, maana kutu ukiitazama kwa makini ina rangi nyingi kuliko duka la kanga. Mlinzi akanifutisha zote. Eti napeleleza nchi.

"Nchi gani hiyo inayopelelezwa kutu?" nikamuuliza.

Akataka kitambulisho.

Jaribio lililonifurahisha kuliko yote lilitoka karakanani kwangu. Sisi wachomeleaji tunavaa kinyago chenye kioo cheusi, ukikiangalizia jua unaliona dogo kama tembe ya dawa. Nikachukua kioo kimoja, nikakifunga mbele ya lenzi kwa vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli. Mwanga ukipita hapo unachuruzika tu, kwa hiyo kamera lazima ikae macho muda mrefu, dakika nne, tano, mchana kweupe. Kilichotulia kinaingia kwenye picha. Kinachotembea hakiachi hata kivuli. Barabara yenye pikipiki mia inatoka tupu kama siku ya kwanza ya dunia.

Nikaipeleka kamera yenye kioo hicho Uwanja wa Beseni.

Uwanja huo uko mtaani kwetu Machungioni, kando ya njia ya kutokea machinjioni. Kila asubuhi wanawake kama arobaini wananunua utumbo, makongoro na mapafu, wanasafisha, wanawauzia mama lishe na wapika supu. Mmoja wao ni Apolonia, mke wa marehemu kaka yangu Adelard. Watoto watatu aliowaacha kaka wanakula na kusoma kwa beseni lile. Mie naongezea pale geti likipatikana, lakini mwenye kubeba nyumba ni yeye.

Ukifika uwanjani pale hutaona meza, wala kibanda, wala turubai. Kuna sababu. Zamani walikuwa wanaweka vitu chini, na kila kilichowekwa chini mgambo walikibeba: mizani, ndoo, visu, hadi kiti cha mama mjamzito. Wakajifunza. Tangu hapo beseni linakaa kiunoni au kichwani, halitui, na mwenyewe hasimami, anazunguka huku anauza. Mgambo akitokea anakuta watu wanapita njia. Hakuna sheria inayokamata mtu anayepita njia. Akili hiyo waliigundua wenyewe, hakuna semina iliyowafundisha.

Jumamosi saa nne asubuhi nikasimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu.

"Shem, mbona umeganda?" Apolonia akapita mbele yangu, beseni kiunoni. "Hiyo kamera imekufa?"

"Inapiga."

"Dakika zote hizo? Wenzio wanapiga harusi nzima."

"Inawapiga nyie. Endeleeni na kazi."

"Jamani tunapigwa picha! Mama Doto, vuta tumbo ndani!"

"Nilivutie wapi, na ndani kumejaa mapafu?"

Wakacheka, wakazunguka, wakauza. Nilipoitazama picha nyuma ya kamera mwili ulinisisimka. Udongo mtupu, ukuta wa machinjio, nyaya za umeme, mawingu yamevutika kama pamba. Watu hakuna. Mgambo mmoja tu, amesinzia kwenye kiti cha plastiki chini ya ukuta, anaonekana hadi vifungo vya shati. Katika watu arobaini na kitu, aliyeingia kwenye picha ni yule asiyefanya kazi. Nilicheka peke yangu hadi machozi. Nikaona nimepata tusi zuri kuliko barua zote nilizowahi kuiandikia ofisi ya mtaa.

Walid, mwenye studio ya picha kona ya mtaa, akanichapia kubwa. Akaitundika kwenye kioo cha duka.

"Wallahi, Leodegar, hii ya kwenda nje hii," akaniambia. "Tuiondoe hii rangi ya kijani ya kioo chako?"

"Usiguse kitu."

Mie picha siigusi. Vijana wa siku hizi wanang'arisha, wanafuta, wanabandika machweo ya Zanzibar nyuma ya bibi harusi wa Temeke. Mie ninachokiona ndicho unachokipata. Nikachukua kalamu nikaandika nyuma: *Uwanja wa Beseni, Machungioni, Jumamosi saa nne asubuhi. Haijachezewa. L. Komba.*

Wiki iliyofuata mtendaji wa mtaa wetu, Brightson, alikwenda kwa Walid kupiga pasipoti, akaiona. Akanifuata karakanani. Brightson huyu barua zangu kumi na moja hajawahi kujibu hata moja, ya mtaro, ya taa, ya jalala, zote. Siku hiyo alivua miwani.

"Braza Leo, kumbe una kipaji hivi! Ofisi inaomba nakala moja. Mtaa wetu nao uonekane."

Nimeshauliza nafsi yangu mara nyingi kwa nini sikumuuliza uonekane wapi. Jibu linaniuma: nilifurahi. Mtu nisiyemwamini hata akinitajia saa, alinisifu mara moja, nikampa nakala ya kwangu niliyoiandika nyuma kwa mkono wangu.

Baada ya wiki sita tangazo likabandikwa kwenye mlango wa ofisi. Eneo la wazi kando ya machinjio, *lisilotumiwa na mtu yeyote*, litatolewa kuwa maegesho ya malori. Mwenye pingamizi alilete mbele ya kamati ya mtaa Alhamisi saa tisa alasiri. Kielelezo kimoja kiliambatishwa. Mnakijua.

Apolonia ndiye aliyenionyesha. Alinijia na nakala ya tangazo kwenye simu, akaikuza kwa vidole viwili, akaitafuta picha kona hadi kona.

"Mie niko wapi hapa, shem?"

"Upo. Ulikuwa unatembea."

"Nakuuliza niko wapi."

Nikamweleza habari ya kioo na dakika nne. Alisikiliza vizuri, mwanamke yule ana akili. Mwisho akasema, "Kwa hiyo ili kamera yako inione, ningeweka beseni chini. Na ningeliweka chini, mgambo wangelichukua." Akarudisha simu kwenye kanga. "Nenda kawaambie hivyohivyo."

Alhamisi tukaenda. Mwenyekiti wa kamati ni Mama Jovina, mwalimu mstaafu. Nusu ya mtaa kawafundisha kusoma. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia bila kuinua macho. Wajumbe walikuwa watano, na nife kama nasema uongo, mjumbe mmoja alikuwa anajichokonoa jino, na kilichokuwemo jinoni ni kongoro la Apolonia la asubuhi ileile. Hawa watu uwanja wanaujua. Supu yao yote inatoka pale. Lakini walikaa wakaikodolea picha kana kwamba wameletewa habari za mwezini.

"Meza ziko wapi?" Mama Jovina akauliza.

"Hawana meza, mwalimu. Wakiweka zinachukuliwa."

"Vibanda?"

"Vilevile."

"Ndugu Komba, picha hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Uliipiga siku na saa ulizoandika?"

"Ndiyo, lakini..."

"Na hapa umeandika haijachezewa. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli."

Brightson akanukuu kwenye daftari lake kwa furaha ya mtoto.

Nikaomba niwaonyeshe. Nikasimamisha kamera mbele ya kamati, nikafunga kioo, nikamwambia Apolonia na wenzake wawili wazunguke chumbani kama wanauza. Wajumbe nikawaomba wakae tu walivyo. Dakika tano zikapita, tunasikia ndala za wanawake zikipiga sakafu. Picha ikatoka giza kiasi, lakini imetoka: wajumbe wote watano kwenye viti vyao, daftari, bendera, chupa za maji. Wanawake hawamo.

"Mmeona sasa!" nikapaza sauti. "Walikuwemo na hawamo!"

Kamera ikapita mkono kwa mkono. Mjumbe wa kongoro akasema, "Mie hapa nimetoka vizuri. Utanitumia?"

Brightson akacheka. "Braza, tumeona mazingaombwe. Lakini sie tunafanya kazi kwa kielelezo. Hata humu ndani kielelezo chako mwenyewe kinasema hawapo."

Mama Jovina akafunga faili. Alitupa hadi Jumatatu, kama kuna pingamizi la maandishi.

Jioni tulikaa studio kwa Walid, mie na Apolonia. Walid alikuwa ananyoosha karatasi za picha.

"Habari ya kioo hawataielewa," akasema. "Na wakiielewa watajifanya hawajaielewa. Lakini lipo neno moja kila mtu analijua hapa mjini. Fotoshopu."

"Unasema nini?"

"Andika kwamba uliwafuta kwa kompyuta. Kielelezo cha kughushi hakikai kwenye faili, wataogopa kisije kikamfikia mkuu wa wilaya. Mie nitashuhudia mashine ni yangu."

"Niandike uongo?"

"Andika wanachoweza kukisoma."

Nilisimama. Nikawaambia mimi Leodegar Komba nimewaita watu waongo mbele ya hadhara kwa miaka thelathini, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunigeuzia neno hilo, kwa sababu hakuwa na pa kulibandika. Nikawaambia jina langu ndiyo mali pekee niliyonayo ambayo mgambo hawajaipakia kwenye lori. Nilisema mengi. Walid aliangalia karatasi zake.

Apolonia alisubiri nimalize.

"Shem, ukweli wako mie ningeutaka kama ungekuwa unaliwa. Mie nina haja na pale uwanjani. Adelard alikufa nikiwa na mimba ya miezi saba, siku ya arobaini nilikuwa pale na beseni. Hukunipiga picha siku ile." Akasimama naye. "Jina lako unalipenda, lipende. Lakini usije nyumbani kwangu ukawaambia wale watoto uliwapigania."

Nikakaa. Nikaomba karatasi. Niliandika kwamba mimi, kwa kutaka sifa, niliwafuta akina mama kwa kompyuta kisha nikaandika kwa makusudi maneno ya uongo nyuma ya picha. Sentensi tatu. Nilizoea kuandika barua ya kurasa sita kwa usiku mmoja. Hizo tatu zilinichukua hadi Walid akaanza kushusha mlango wa duka.

Jumatatu kamati iliisoma na kuisadiki papo hapo. Hakuna aliyeuliza swali. Kielelezo kikaondolewa, tangazo likafutwa, malori yakatafutiwa kwingine, na Mama Jovina akaagiza barua yangu isomwe kwenye mkutano wa hadhara, ili iwe fundisho. Ikasomwa Jumamosi, kwa kipaza sauti. Wanawake wa beseni wakapiga vigelegele pale penye jina langu.

Uwanja upo. Ukipita leo saa nne utawakuta, wanazunguka.

Mwezi uliopita tukaitwa mkutano wa mapato na matumizi. Brightson akasoma kwamba mtaro wa kuelekea machinjioni umekamilika, mita mia tatu, zege. Mtaro ule naujua, nimeupiga picha kila wiki tangu masika. Una mita arobaini na kifusi. Picha nilikuwa nazo mfukoni. Nikanyoosha mkono, nikasimama.

"Mtendaji, huo ni uongo. Ninazo picha hapa."

Brightson hakukasirika hata kidogo. "Picha zako, braza? Zile za kompyuta?"

Mkutano mzima ukaangua kicheko. Nikavuta pumzi niwaeleze yote, tangu kioo hadi barua, maana mtaro ulikuwa palepale nje, mtu angetoka akaupima kwa hatua zake. Nikaona mkono umenishika shati kwa nyuma. Apolonia alikuwa amekaa nyuma yangu.

"Kaa chini, shem," akaninong'oneza. "Wakikuamini wewe, sie tumekwisha."