Gari Refu la Watu Wawili

Mteja akiingia yadi yetu ya magari na mkewe, mimi dalali hufunga mdomo nikafungua masikio. Gari hununuliwa na mume, lakini huchaguliwa na ugomvi.

Asubuhi hiyo waliingia Baba Mapacha, fundi wa suti, na Mama Mapacha, muoka mikate. Mtaani nani asiyewajua? Nyumba yao ilikuwa ya watoto sita, na wa majirani juu yake. Mlango haufungwi, sufuria haipoi. Sasa watoto wote wameshatawanyika kwenye maisha yao, hata mapacha, vitindamimba, wameondoka majuzi. Na gari lao la zamani, stesheni, lile gari refu la buti pana lililowabeba wote, limekufa injini.

Mama alikwenda moja kwa moja kwenye stesheni nyeusi ya kifahari iliyotulia mwisho wa mstari. Akaipitishia kiganja kutoka boneti mpaka buti.

"Tazama hili paa, baba. Linakwenda, linakwenda, halina haraka."

"Limekwenda mno," mumewe akasema. "Njoo uone krosova hii, fupi ya kuinuka."

Nikashangaa. Huyu ni mtu aliyewahi kukataa kumkabidhi bwana harusi koti lake kwa sababu bega limezidi kwa upana wa uzi. Na krosova ile, nisiseme uongo japo nauza, ilikuwa imenenepa katikati, kioo cha nyuma kama tundu la kifungo, tumbo limeinuka juu ya magurudumu mithili ya mtu aliyekunja suruali avuke dimbwi. Stesheni ndiyo iliyokatwa na fundi: boneti ndefu, kiuno chini, mstari mmoja wa bega toka taa za mbele hadi za nyuma, haukukatika popote.

"Fundi, leo macho umeyaacha kwenye cherehani?" nikamchokoza.

"Krosova huinami kuingia," akajibu bila kunitazama. "Magoti yetu je?"

"Yangu hayajakulalamikia," mkewe akasema. "Yako yaseme yenyewe."

Tukatoka na stesheni kuijaribu. Fundi akashika usukani. Nikamfungulia mama mlango wa mbele. Akanipita kama sipo, akafungua wa nyuma, akaketi katikati, mikono kaitandaza huku na huku kama anayezuia watu wasianguke.

"Mama, mbele huku!"

"Ah! Mazoea tu, mwanangu. Kaa wewe, mimi nishafika."

Nikakaa mimi. Tulipoingia barabara kuu, fundi akasema kwa sauti ya chini, "Miaka yote nimeendesha kama dereva wa kukodiwa. Mke wangu namwona kwenye kioo, kipande cha paji na kilemba. Nikasema watakua, atakuja kukaa hapa." Akagusa ukingo wa kiti nilichokalia. "Ila akipata stesheni, nilijua atarudi nyuma kuwatafuta."

"Ndiyo maana unaisifia ile krosova?"

"Nyuma yake pamebana. Angekuja mbele mwenyewe."

Kiti kikaniwasha. Nimekalia mali ya mtu.

"Mnanong'ona nini nyie?" Mama akauliza. Kisha, taratibu, "Huku nyuma pamekuwa pakubwa, baba. Sina hata wa kumgombeza."

Fundi akaegesha pembeni, akashuka. Nikafungua mkanda haraka nimpishe mkewe, nikijua anakwenda kumleta mbele. Akafungua mlango wa nyuma.

"Sogea."

"We! Nani ataendesha?"

"Dalali si yupo? Au yeye kazi yake kula kamisheni tu?"

Akajikunja, akaingia, magoti yakalia kweli. Nikahamia kwenye usukani na kuondoa gari. Kwenye kioo nikawaona wote wawili, bega kwa bega, wamegeuka wanatazama nyuma kupitia kile kioo kirefu.

"Kumbe huku unaiona barabara ikikimbia," fundi akasema.

"Watoto walikuwa wanaipungia mikono. Hata watu wasiotujua."

"Sikuwahi kuona."

"Ungeona saa ngapi, nawe macho mbele?"

Fundi akapapasa kiti. Halafu akasema, "Nionyeshe nani alikaa wapi."

Mama akaanza na binti mkubwa, aliyependa dirishani, akitapika kila kona. Fundi akacheka, akauliza swali, akaambiwa asikatize. Geti la yadi likatokea kushoto. Nikalipita.