Pistoni ya Kupandia Kilima

Seremala alikuwa amejaribu kila kitu. Alibadilisha sproketi ya nyuma, ile gia ya mnyororo, akang'oa keria, vioo na vikinga matope ili kupunguza uzito. Bado pikipiki yake ndogo ya cc sabini ilikata pumzi katikati ya kilima cha hospitali kila alipompakia mkewe.

Zamani lilikuwa jambo la kuchekesha. Mkewe alishuka, akamtangulia kwa miguu, akamwita toka juu, "Njoo basi, dereva!" Sasa figo za mkewe zilikuwa zimegoma, na mara tatu kwa wiki ilibidi afikishwe kule kusafishwa damu. Miguu haikumbeba tena. Waendesha pikipiki wa kukodi walimkwepa tangu alipozimia mgongoni mwa mmoja wao, na teksi, kwa seremala, ilikuwa ndoto ya mchana. Juzi alikaa ukingoni mwa barabara nusu saa nzima akitafuta nguvu ya kusimama.

Basi wakaenda wote wawili gereji, kwa fundi aliyeitwa Spoku kwa wembamba wake, kama waya wa gurudumu.

"Dawa ni moja," Spoku alisema. "Tupanue silinda, tuweke pistoni kubwa. Itapanda hicho kilima huku inapiga mluzi."

"Ubaya wake?"

"Joto. Injini ndogo ukiipa kazi ya kubwa, mzee wangu, unakula maisha yake. Sasa niambie, unataka ikae muda gani? Ukitaka idumu, nitaipanua kidogo tu. Ukitaka nguvu zote, hesabu miezi minne, kisha wape wauza vyuma chakavu."

Wiki iliyopita daktari alimvuta seremala pembeni akamwambia moyo wa mkewe nao umechoka, kwamba sasa wanaongelea miezi, tena ya kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Hakumwambia mtu. Na mkewe huyo hapo, amekaa juu ya tairi kuukuu, anamtazama.

"Miaka mitano," akasema. Akaona haitoshi. "Hata sita. Tuna safari nyingi sisi."

"Hongera, mama," Spoku akacheka. "Mzee bado ana mipango na wewe."

"Ana mdomo tu huyo," mkewe akasema, akainamisha macho.

Spoku akaipanua kidogo.

Ijumaa seremala alimfunga mkewe mgongoni kwa shuka ili asianguke. "Kama gunia la mkaa," mkewe akalalamika. Wakapanda. Wakalipita duka la vioo ambapo injini ilikuwa ikizimika siku zote, na seremala akapaza sauti, "Umeona? Umeona?" Geti la hospitali lilikuwa limeshaonekana injini ilipokohoa mara mbili na kunyamaza.

Alikanyaga breki. Nyuma yake mkewe alihema kama aliyekimbia.

"Kwa nini hukumwambia fundi ukweli?"

"Ukweli gani, mama watoto?"

"Wa daktari. Mimi aliniambia siku mbili kabla yako. Nikanyamaza, nikidhani hujui."

Seremala alijitia ushujaa mbele ya mkewe, na ushujaa huo ndio uliomnyima hatua mia mbili zilizobaki hadi getini. Mlinzi wa hospitali aliteremka na kiti cha magurudumu, lakini walipofika nesi akatikisa kichwa. Mashine ilikuwa imeshapewa mgonjwa mwingine. Warudi Jumatatu.

Mchana huo alimlaza mkewe, akaikokota pikipiki hadi gereji.

"Ina kasoro gani?" Spoku akauliza.

"Haina. Ifungue upya. Nipe nguvu zote."

"Na ile miaka sita, mzee wangu?"

Seremala akalipangusa vumbi tangi la mafuta kwa kiganja.

"Miezi minne," akasema. "Ikizidi sana."

Cheko likafutika usoni mwa Spoku. Akachukua spana, akaanza kulegeza nati bila kuuliza zaidi. Seremala akachuchumaa pembeni yake, akaishika injini kwa mikono miwili, ingawa haikuhitaji kushikwa.