Kibodi ya Mzee Kavoi

Lehemu ya kwanza ya Nduku ilifanana na kinyesi cha mbuzi, na Wesonga hakuona sababu ya kumficha. Wesonga alikuwa fundi wa simu kule mtaa wa Raila, Kibera, mtu wa maneno machache na macho mekundu kwa moshi wa risasi ya kulehemia. Aliikwangua, akamrudishia kile chuma cha moto, akamwambia arudie. Nduku akarudia mpaka vidole vikatoka malengelenge, huku akijiuliza msusi mzima wa miaka thelathini na mmoja ametumwa na nani kuhangaika na mambo haya.

Aliyemtuma alimjua fika. Baba yake, Mzee Kavoi, fundi wa mabati wa mtaa wa Kongo, Kawangware, alikuwa ametolewa zoloto mwaka uliopita kwa sababu ya saratani, akabaki bila sauti. Mikono nayo ikaanza kutetemeka. Kalamu ilimponyoka, na kwenye simu kidole chake kiligusa herufi tano kabla ya kuifikia aliyoitaka. Ndipo siku moja, wakiwa kwa Wesonga, mzee akajaribu kibodi ya mteja, ile ya vitufe vigumu vinavyolia tak, ambavyo haviandiki kitu mpaka uvikandamize kweli. Akaandika jina lake lote bila kosa. Akalitazama kwa muda mrefu, na Nduku akalazimika kutoka nje.

Wesonga alikuwa na bodi kuukuu ya kibodi na mfuko wa vitufe vya namna ile. Nafasi ya kuviunganisha ndiyo hakuwa nayo.

"Keti nikuonyeshe," alisema. "Ni kama points mia na hamsini hivi. Utazoea tu. Lakini ni hii paste ya kushikisha risasi pekee unapaka, usiweke kitu ingine."

Jumamosi nne mfululizo Nduku alitoka Kongo kwa miguu hadi Raila, akapiga lehemu, akaharibu, akapiga tena. Zilipobaki safu mbili za vitufe akapewa vifaa akamalizie nyumbani. Huko kazi ikagoma. Shaba ya safu zile ilikuwa imekuwa nyeusi kwa uzee, na risasi ikawa inaviringika juu yake bila kushika. Mzee Kavoi, aliyekuwa akimtazama kutoka kitandani, alicheka kile kicheko chake kisichotoa sauti. Akainuka, akaleta chupa ya dawa ya kikohozi aliyohifadhia asidi yake ya kulehemu masufuria, pamoja na unyoya wa kuku wa kuipakia.

Nduku aliyakumbuka maneno ya Wesonga. Aliyakumbuka vizuri sana, na kwa hilo hakuweza kujidanganya. Lakini tangu hospitali hakuwa amemwona baba yake akiwa na jambo la kumfundisha mtu. Akamsogezea bodi. Unyoya ukapita, risasi ikatiririka na kung'aa, na mzee, kwa vile alivyopenda kazi iliyo safi, akapaka hata zile safu ambazo Nduku alikwisha kuzimaliza. Walipotosheka, aliigonga bodi mara mbili kwa kifundo cha kidole, kama alivyogonga kila sufuria kabla ya kumkabidhi mwenyewe.

Sentensi ya kwanza aliyoandika kwenye laptop ya Nduku ililalamika kwamba chai ya nyumba hii haijaonja sukari mwaka mzima. Nduku alicheka hadi akalia. Kwa wiki tatu mzee hakushikika. Alisengenya kwaya, akampangia mchungaji mahubiri, akamwandikia mwenye ploti barua kali kuhusu choo. Halafu wakarudi kliniki, na daktari hakuzungusha maneno: ugonjwa ulikuwa umerudi, na hesabu yake ilikuwa ya wiki chache tu.

Jioni hiyo mzee aliandika polepole: "Mami, mama yako hakutukimbia. Mimi nilimfukuza. Kesho nitakueleza kwa nini."

Nduku alikuwa na miaka minne mama yake alipoondoka. Miaka yote hiyo alikuwa akiulizia na kujibiwa neno moja, aliondoka. Hakupata usingizi.

Kesho yake kitufe cha kwanza kikafa kabla ya chai. Kufikia saa sita vilikuwa vimekufa kumi na viwili, na mzee alikuwa akivigonga kwa ngumi. Nduku akaichukua kibodi mbio hadi Raila. Wesonga alipoigeuza, chini yote ilikuwa imeota ukungu wa kijani.

"Nani aliweka asidi?" aliuliza. "Hiyo ni ya mabati, sister. Huku inakula shaba. Inakula pole pole, hata huwezi jua."

Aliisugua mpaka jioni kwa mswaki na spiriti, na pale njia za shaba zilipokatika akapitisha nyaya nyembamba mithili ya nywele. Vitufe vikafufuka karibu vyote. Akamwonya kwamba tone moja tena la asidi na imekwisha, na bodi nyingine hana.

Nyumbani mzee alimngoja mlangoni. Akaonyesha ile chupa, kisha akajigonga kifua, macho yakiuliza.

"Hapana, Baba," Nduku alisema. "Ni mimi. Nililehemu vibaya, mikono yangu bado."

Mzee akampapasa bega kwa huruma, kisha, kwa kuchoka, akamwashiria kwamba habari ya mama ataiandika asubuhi. Uongo ule ulimpa Nduku raha ya usiku mmoja.

Asubuhi, mzee akiwa bado amelala, alikwenda Kabiro, mtaa jirani, kumsuka mteja mmoja waliyekwisha kuahidiana. Aliporudi, harufu ya asidi ilimpokea kabla hajafungua mlango. Jiko lilikuwa linawaka, na chuma kizito cha kulehemu masufuria kilikuwa kimelala kwenye makaa. Nyaya za Wesonga zilikuwa zimeng'olewa na kupangwa pembeni ya meza kama uchafu wa mwanafunzi. Bodi nzima ilikuwa imelowa asidi na kung'aa. Mzee Kavoi alikuwa ameurekebisha ubovu wa binti yake, point moja baada ya nyingine, kwa mikono ile inayotetemeka.

Alipomwona akatabasamu. Akaigonga bodi mara mbili kwa kifundo cha kidole, akamsogezea, akavuta kiti na kukaa mbele ya laptop, uso wake ukiwa na neno tayari.

Nduku akasema asante. Kisha akaanza kutafuta waya wa kuichomekea, chini ya kitanda, nyuma ya pipa la maji, kila mahali, ingawa aliuona pale pale mezani.